Mashine za kuondoa malaika nyumbani kwenye ngozi nyeusi: shajara ya mradi wa wiki 12

Kabla ya kuanza

Swali la mradi ni moja: kati ya mashine za kuondoa malaika, yaani vinyweleo vya mwilini, zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani, ipi inaifaa ngozi ya watu wengi wa huku, kuanzia maji ya kunde hadi nyeusi tii, na ipi ni hela iliyotupwa? Matangazo mengi yanaonyesha miguu ya watu weupe, na mashine nyingi zimepangwa kwa miguu hiyo hiyo.

Vilivyopo mezani: mashine mbili za IPL (zinazorusha mwanga mkali kwa flashi), moja ina kipima rangi ya ngozi na nyingine haina, epileta ya diski zinazozunguka na kung'oa nywele, mashine ya kinyozi yenye wembe wa umbo la T, chungu cha umeme cha kuyeyushia nta, kilichotoka Marekani, na kile kioo cha kusugulia malaika kinachouzwa kwa maneno matamu. Kando yake pamewekwa sukari, ndimu na sufuria. Mashine isiyoishinda sukari ya jikoni haina haki ya kusifiwa.

Ngozi zimepangwa kwa kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyekianzisha mwaka 1975. Kina daraja I hadi VI, na kwetu zinahusika tatu za mwisho: IV ni maji ya kunde, V ni kahawia iliyokolea, VI ni nyeusi tii. Kila kifaa kinajaribiwa kwenye mraba wa sm 5 kwa sm 5 juu ya muundi wa kushoto. Muundi wa kulia unanyolewa kwa wembe tu, uwe wa kulinganishia. Picha zinapigwa siku ya saba baada ya kunyoa, dirisha lile lile, saa ile ile, rula ikiwa pembeni. Bila rula na bila mwanga ule ule, picha ya "kabla na baada" inaweza kusema chochote unachotaka iseme.

Siku ya 1: lebo na umeme

Kabla kifaa hakijagusa ngozi, geuza adapta usome maandishi madogo. Penye "100–240V, 50/60Hz" hapana tatizo, kinachohitajika ni kigeuza plagi tu. Adapta zote za mashine za mwanga, epileta na mashine ya kunyolea zimepita.

Chungu cha nta hakikupita. Kimeandikwa 120V, 100W. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Waya wa kupashia joto ni ule ule, kwa hiyo nguvu inapanda kwa mraba wa volti: 230 ukigawa kwa 120 kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe unapata 3.67. Chungu cha wati 100 kinageuka cha wati 367 Dar es Salaam, na Mombasa kinafika 400 kamili. Kidhibiti joto kitakata umeme, ila kwa kuchelewa: nta ya pembeni inafuka moshi huku ya katikati ingali jiwe. Mara nyingi fyuzi ya ndani inakatika siku ya kwanza, na hiyo ndiyo bahati nzuri. Dawa ni transfoma ya kushusha umeme ya wati 200 au zaidi. Kigeuza plagi pekee hakishushi hata volti moja, na hapo ndipo wengi wanapounguza vifaa walivyoletewa zawadi.

Siku ya 2: hesabu ya tangazo

Mashine ya mwanga isiyo na kipima ngozi imeandikwa kwenye boksi: flashi 999,999, flashi moja kila nusu sekunde, jouli 20 kwa kila sentimita ya mraba. Dirisha lake ni sm 3 kwa sm 1, yaani sm² 3. Kwa hiyo kila flashi ingebeba jouli 60, na flashi mbili kwa sekunde ni jouli 120 kwa sekunde, sawa na wati 120 za mwanga mtupu. Adapta yake inatoa volti 12 na ampea 3, yaani wati 36. Hata kama kila chembe ya umeme ingegeuka mwanga, jambo ambalo haliwezekani, bado hazifiki hata theluthi ya kinachodaiwa. Boksi linadanganya, na ushahidi uko kwenye adapta yake lenyewe. Mashine za flashi za nyumbani zinazoaminika huishia karibu na jouli 6 kwa sm².

Idadi ya flashi nayo isikushtue. Muundi mmoja, mbele na nyuma, ukiukadiria sm² 1,000, dirisha la sm² 3 litahitaji flashi 330 hivi. Miguu yote miwili ni kama 670 kwa kikao, na vikao 12 ni kama 8,000. Mashine ya flashi 300,000 itazeeka betri au adapta kabla taa haijaisha. Tarakimu ndefu kwenye boksi ni pambo.

Siku ya 3: kipima ngozi

Mashine yenye kipima ngozi imewekwa kwenye ngozi tatu. Kwenye VI taa ya onyo imewaka na flashi haikutoka. Kwenye V, muundi umekataliwa; upande wa ndani wa mkono, usioota jua, umekubaliwa kwa ngazi ya chini kabisa. Kwenye IV imekubali, nayo imejishusha ngazi.

Wauzaji husema mashine ya namna hii "ni mbovu". Si mbovu, inafanya kazi yake. Mashine ya mwanga haioni unywele. Inarusha mwanga, na mwanga unanyonywa na rangi nyeusi popote ilipo. Wazo lenyewe liliwekwa wazi na watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983: chagua mwanga unaonyonywa na kile unachotaka kukiunguza, urushe kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho kinahitaji ili kipoe, na vya jirani vitasalimika. Kwenye ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi, rangi imejaa kwenye unywele pekee, basi joto linakwenda huko. Kwenye ngozi nyeusi tii, rangi imetanda juu kabisa ya ngozi. Mwanga unagota pale kabla haujafika kwenye shina, na kinachoungua ni ngozi.

Kliniki zina njia ya kulikwepa hilo: leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi na nywele, hainyonyi sana na ambayo hupenya kina zaidi, pamoja na kifaa cha kupooza ngozi. IPL ya nyumbani inatoa mchanganyiko wa mwanga kuanzia nanomita mia tano na kitu, na mwanga wa urefu huo mfupi ndio melanini inaupenda. Mwenye ngozi ya VI anayetaka mwanga aende kwa daktari wa ngozi mwenye Nd:YAG, na aulize jina la leza kabla ya kulipa.

Kuhusu kumdanganya mlinzi: kuna wanaobandika utepe mweupe juu ya kipima ngozi, au wanaoanza na kiganja kisha kuhamia muundini. Kiganja kina rangi kidogo kwa kila mtu, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu mguu. Matokeo ya ujanja huo ni madoa ya mstatili yenye vipimo vya dirisha, kwanza mekundu au yenye malengelenge, kisha meusi kwa miezi, na mengine hubaki meupe.

Kuanzia leo IPL inaendelea kwenye ngozi ya IV peke yake. Mashine isiyo na kipima imewekwa kando, haitapigwa flashi kwenye ngozi ya mtu.

Wiki ya 1: IPL kwenye maji ya kunde

Siku moja kabla: nyoa kwa wembe, usinyonyoe. Shina la unywele lazima libaki ndani ya ngozi, maana ndilo linalobeba joto hadi chini. Aliyetumia nta, sukari, uzi au epileta karibuni amekwisha kuing'oa njia ya joto, asubiri hadi malaika yaote tena. Malaika marefu juu ya ngozi nayo ni hasara: yanaungua nje, yananuka, na masizi yanalichafua dirisha.

Ngozi iwe kavu, isiwe na mafuta, marashi wala deodoranti. Spiriti isipakwe kabla ya flashi, kwa sababu inashika moto.

Mambo manne ambayo vijitabu vya mashine huyagusa juu juu, au havijui kabisa kama yapo huku:

Hina na piko. Ua la hina mguuni ni rangi, na mwanga hautofautishi rangi ya ua na rangi ya unywele. Piko nyeusi ni mbaya zaidi. Subiri ua lifutike kabisa. Bibi harusi anayetaka vyote viwili amalize vikao vya mwanga mapema, hina ije mwisho.

Mkorogo. Krimu za kujichubua zinaishusha rangi ya juu, kipima ngozi kinasoma "nyeupe" na kufungua ngazi ya juu. Ngozi yenyewe imekwisha dhoofika, hasa kama krimu ina steroidi, na ikijeruhiwa inajibu kwa weusi mkubwa kuliko ule uliokimbiwa. Kwa mtumiaji wa mkorogo kipima ngozi si mlinzi tena. Hapigwi flashi.

Dawa. Doksisaiklini, inayotumiwa na wengi kwa maambukizi na pia kuzuia malaria, huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga. Dawa za chunusi za aina ya isotretinoini nazo zimo. Mjamzito naye asubiri hadi baada ya kujifungua na kunyonyesha.

Jua. Muundi wa mwendesha bodaboda si sawa na paja lake. Pima kila sehemu peke yake, kila kikao.

Jaribio lenyewe: ngazi ya chini kabisa, flashi tatu mahali pasipoonekana, dirisha likiwa limegandamizwa vizuri bila uwazi pembeni. Vijitabu husema subiri saa 24. Kwa ngozi ya kahawia hizo ni chache, kwa sababu malengelenge huja siku hiyo hiyo lakini weusi wa baada ya jeraha huchelewa wiki moja au mbili. Mradi umesubiri siku 14 kabla ya kikao cha kwanza. Joto la kama kupigwa na raba bendi ni sawa; maumivu yanayoendelea zaidi ya saa moja ni dalili ya kushuka ngazi au kuacha.

Wiki ya 2: epileta

Hapa rangi ya ngozi haina neno. Epileta ni vibano vingi vinavyozunguka, kila diski inafunguka, inabana unywele, inaung'oa na kuutema. Za kwanza kuvuma zilitoka Israeli mwaka 1986 kwa jina la Epilady, nazo zilitumia springi iliyopinda badala ya diski: upande mmoja springi inafunguka, upande wa pili inabana. Kampuni nyingine ikaja na mpira wenye mikato badala ya springi, wakapelekana mahakamani. Mwamuzi wa Uingereza akasema hati ya ubunifu haikuvunjwa, wa Ujerumani akasema imevunjwa. Wanasheria bado wanaifundisha kesi hiyo. Waliokuwa wakisikia uchungu ni watumiaji.

Urefu unaofaa ni milimita 2 hadi 5. Chini ya hapo diski hazishiki vizuri, juu ya hapo zinavuta nywele kabla hazijabana sawasawa, na maumivu yanaongezeka. Kwa aliyezoea wembe, subira ya siku 7 hadi 14 inatosha.

Oga maji ya vuguvugu, sugua kwa dodoki, kausha. Tandaza ngozi kwa mkono wa pili. Kichwa cha mashine kisimame wima, pembe ya digrii 90, kiende kinyume na malaika yanavyolala, polepole, bila kugandamiza. Mwendo wa haraka ndio kosa namba moja: diski zinabana unywele zikiwa njiani na kuukata badala ya kuung'oa. Unywele uliokatwa chini ya ngozi huota umejipinda, na nywele za kipilipili hazihitaji kushawishiwa ili zijipinde. Ukiona uso wa ngozi una nukta nyeusi nyingi baada ya kupita, hizo ni nywele zilizokatika. Punguza mwendo, angalia pembe, safisha diski. Ikiwa bado zinakatika, diski zimelegea.

Matokeo kwenye IV, V na VI hayatofautiani siku ya kwanza: vipele vyekundu au vya rangi ya ngozi kwenye kila kitundu, vinatulia ndani ya siku moja. Tofauti imeonekana baadaye. Kwenye VI, kila kipele kilichokunwa kimeacha nukta nyeusi. Kwa hiyo epileta itumike usiku, ngozi ifunikwe kitambaa baridi kwa dakika 10, nguo iwe pana, na deodoranti isiguse kwapa kwa saa 24. Kusugua kwa dodoki kunaanza siku ya tatu, mara mbili kwa wiki, kwa upole.

Kichwa kisafishwe kwa burashi kila mara kisha spiriti ya asilimia 70, kikauke kikiwa wazi. Epileta ni ya mtu mmoja kama mswaki. Inatoa vidoa vya damu visivyoonekana kwa macho.

Wiki ya 3: sukari dhidi ya chungu cha nta

Wiki iliyochukua muda mwingi kuliko zote, na iliyolipa.

Vipimo: sukari gramu 400, maji mililita 60, maji ya ndimu yaliyochujwa mililita 60. Asidi ya ndimu inaivunja sukari iwe glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi tena kuwa chembe. Asiyeweka ndimu ya kutosha anapata peremende yenye mchanga.

Sufuria nzito, moto wa wastani. Koroga hadi sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga kabisa. Chembe zilizoruka kwenye kuta za sufuria zifutwe kwa burashi iliyolowa. Chembe moja ikirudi ndani inaweza kuambukiza sufuria nzima. Rangi itapita kutoka maji hadi chai ya rangi hadi asali.

Kuhusu joto, maelekezo mengi husema nyuzi 118 hadi 121. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kitafanya kazi. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94.5, kwa hiyo sukari ikifika 120 huko imekwisha pita na itakuwa ngumu mno. Njia isiyokosea: chemsha kwanza maji matupu, soma kipimajoto, kisha ongeza 19 hadi 21 juu ya namba hiyo. Hilo linarekebisha mwinuko na pia uongo wa kipimajoto chenyewe.

Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye kijiko kilichotoka kwenye maji baridi. Baada ya nusu dakika liwe linabonyea na kuvutika bila kuchuruzika.

Pwani kuna adui mwingine, unyevu. Fruktosi inanyonya maji kutoka hewani. Donge lililopikwa hadi 119 likaachwa wazi mwezi wa nne limelainika hadi halishiki unywele kufikia jioni. Msimu wa mvua upike hadi 122 au 123, gawa katika vichupa vidogo vyenye mfuniko unaobana, fungua kimoja kimoja. Kiasi kilichotajwa juu kinatoa kama gramu 450, na donge la ukubwa wa ndimu linatosha sehemu kubwa ya muundi mmoja kabla halijajaa malaika na maji ya jasho.

Kutumia: donge liwe na joto la mwili. Paka poda kidogo ngozi ibaki kavu. Tandaza kwa vidole kinyume na uelekeo wa malaika, mara mbili tatu juu ya mahali pale pale, kisha chomoa kwa mshtuko mfupi kufuata uelekeo, mkono ukienda sambamba na ngozi. Hii ni kinyume cha nta ya kitambaa, ambayo hupakwa kufuata uelekeo na kuvutwa kinyume, na ndiyo sababu sukari hukata nywele chache. Mkono ukivuta kwenda juu badala ya sambamba, ngozi inachubuka.

Likiwa laini mno, rudisha motoni dakika 2 hadi 3. Likiwa gumu mno, kijiko cha chai cha maji na moto mdogo. Likiwa na mchanga, ongeza maji na ndimu uanze upya. Na sukari ya nyuzi 120 ikimwagikia ngozi haichuruziki kama maji, inaganda ikiendelea kuunguza: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, papo hapo. Watoto wawe nje ya jiko.

Chungu cha umeme, sasa kikiwa kwenye transfoma, kimeonekana kizuri kwa jambo moja tu: kurudisha uhai donge lililoganda, kwa nyuzi 40 hadi 45, bila kulipika upya. Kwa nta ngumu ya punje kinafanya kazi, ila nta inashika ngozi hai pamoja na unywele, na kwapani imechubua V na VI. Sukari inashika unywele zaidi kuliko ngozi, na mabaki yanatoka kwa maji. Mashine imeshindwa na sufuria.

Wiki ya 4: kidevu

Vipele vya ndevu si uchafu wala ugonjwa wa kuambukiza kutoka kwa kinyozi, ingawa vidonda vyake vinaweza kuambukizwa. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini ya ngozi, ncha yake kali inajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Au unatoka, unapinda, na kurudi kuingia pembeni. Wembe wa majani matatu hadi matano umetengenezwa kuvuta unywele nje kabla ya kuukata ili urudi chini. Kwa ndevu hizi, hicho ndicho kiwanda cha vipele.

Mashine ya T inakata juu ya ngozi, na hapo ndipo faida yake ilipo. Lakini vinyozi wengi huikaza wembe kwa wembe usawa kabisa ili mstari uonekane mkali. Kwa kidevu chenye vipele rudisha nyuma: legeza skrubu mbili nusu mzunguko, sogeza wembe unaotembea uwe nyuma ya ule uliosimama kwa kama nusu milimita, meno yakiwa sambamba, kaza kwa zamu. Jaribu ndani ya mkono. Ukiacha mistari myeupe, uko mbele mno. Ikivuta bila kukata, uko nyuma mno au umekauka. Matone mawili ya mafuta ya mashine, iwake sekunde 10, ifutwe.

Utaratibu uliofuatwa: wiki nne bila kunyoa hadi chini, nywele zilizonasa ziinuliwe kwa sindano safi bila kung'olewa, kisha mashine yenye kitana cha milimita 1 kila siku ya pili au ya tatu, kufuata uelekeo, bila kutandaza ngozi. Kutandaza ngozi ndiko kunakofanya unywele ukatwe chini ya ngozi. Wiki mbili za kwanza vipele vya zamani vinaonekana zaidi kwa sababu ndevu zimevizunguka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuchukua wembe. Mwenye asili ya makovu yanayovimba asitumie epileta kidevuni wala shingoni.

Wiki ya 5: vilivyotupwa

Kioo cha kusugulia ni msasa mwororo. Kinavunja unywele juu ya ngozi na kuichubua ngozi pamoja nao. Kwenye IV muundi umekuwa laini kwa siku mbili. Kwenye VI mraba wote umekuwa mweusi kuliko jirani zake. Nje.

Vibano vya umeme vinavyodai kupitisha umeme kwenye unywele hadi kwenye shina: unywele haupitishi umeme. Ni koleo la bei ghali.

Kalamu ya sindano ni jambo jingine. Michel, daktari wa macho wa St. Louis, alitumia sindano yenye umeme kung'oa kope zilizopinda mwaka 1875, na njia hiyo inafanya kazi kwa rangi zote. Sindano inaingia kwenye kitundu, umeme mdogo unageuza chumvi na maji ya mwilini kuwa sodiamu haidroksaidi, kemikali inayounguza, na shina linakufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaruhusu neno "kudumu" kwa njia hii; kwa leza inaruhusu "kupunguza kwa kudumu". Nyumbani tatizo ni mkono: unywele wa kipilipili una kitundu kilichopinda, sindano iliyonyooka inatoboa ukuta na kuunguza nje ya shina. Kwa nywele tatu nne za kidevuni nenda kwa mwenye ujuzi.

Wiki ya 8: IPL, kikao cha nne

Mraba wa IV umepungua kwa macho, yaliyobaki ni membamba na yanatoka kwa mafungu. Mguu wa kulia uko vile vile. Mafungu hayo si hitilafu. Malaika ya miguuni mengi huwa yamelala kwa wakati wowote ule, na mwanga unayaharibu yale yanayoota tu. Ndiyo maana vikao ni kila wiki mbili, si kila siku. Kurudia flashi mahali pale pale siku ile ile hakuamshi yaliyolala, kunaunguza ngozi.

Usoni mradi haukupiga flashi. Kwa wanawake wenye ngozi ya kahawia, mwanga hafifu shavuni na shingoni unaweza kuamsha malaika laini yakawa nywele nene. Mwanamke ambaye ndevu zimemzidi ghafla, au pamoja na hedhi isiyo na mpango, amwone daktari kabla ya kununua kitu chochote; homoni zikiendelea kusukuma, kila mashine itaonekana mbovu.

Wiki ya 12

IPL ya IV imehamia kikao kimoja kwa mwezi. Ikiachwa, malaika yatarudi polepole, na kijitabu kinaposema "matengenezo" maana yake ni hiyo.

Epileta imebaki kwa miundi ya V na VI, kila wiki tatu hadi nne, usiku, dodoki siku ya tatu. Sukari imechukua makwapa yote na kinena, kwa sababu epileta kwenye ngozi iliyolegea inabana ngozi yenyewe. Mashine ya T, nusu milimita nyuma, ni ya videvu vyote vitatu.

Chungu cha nta kimerudi kwenye boksi pamoja na transfoma yake, vimefungwa kwa utepe mmoja ili visitenganishwe.

Mashine ya mwanga isiyo na kipima ngozi haikuuzwa wala kugawiwa, kwa sababu mwenye kuipokea huenda akawa na ngozi ya VI na hatakuwa amesoma adapta. Haikufunguliwa pia: kapasita ya ndani, kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, hubaki na volti mamia hata baada ya plagi kutolewa, na inaweza kumrusha mtu. Imeachwa siku saba bila umeme, waya wa adapta umekatwa, dirisha limebandikwa utepe mweusi, na imepelekwa kwenye taka za umeme.